Mguu wa Mama Pasi

Kaa la moto lilichomoka kwenye pasi asubuhi, likatua juu ya mguu wa kushoto wa Mama Pasi, naye akaendelea kunyoosha suruali ya mwalimu mkuu. Alipitisha pasi kwenye mshono, akageuza upande, akapitisha tena. Mdogo wake, aliyekuwa ameketi kando akikunja mashati ya wateja, ndiye aliyenusa.

"Dada, kuna nyama inaungua."

"Majirani wanapika," alisema Mama Pasi.

"Asubuhi yote hii?"

Mdogo mtu aliinama chini ya meza. Aliliona kaa limetulia juu ya vidole kama paka aliyepata mahali pa kulala, na moshi mwembamba unapanda taratibu. Alilipiga kwa kandambili likaruka mpaka mlangoni. Mama Pasi aliutazama mguu wake kama mtu anayetazama kiatu cha mwenzake, kisha akasema jamani suruali ya watu isije ikachafuka majivu. Hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililomliza mdogo wake.

Ndugu hao wawili walikuwa na kisukari, kama walivyokuwa na nyusi nene na sauti nzito za mama yao. Mkubwa alikuwa anameza vidonge. Mdogo, vidonge vilikuwa vimeshindwa kumsaidia, na daktari alikuwa amemwandikia sindano za insulini. Chupa zake alizificha jikoni, nyuma ya miche ya sabuni, na hakuwahi kujichoma hata mara moja. Mtaani kila mtu alijua kwamba sindano ile hukata watu miguu. Fundi Redio wa pale kwenye kona alianza kuchoma, na haukupita muda akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Sasa alikuwa akikaa mbele ya kibanda chake na magongo yake mawili, na yeyote aliyekuwa na shaka alionyeshwa yeye.

Basi mdogo mtu akawa hachomi, na akawa anapungua. Sketi zake alizibana kwa pini kiunoni. Popote alipokwenda alibeba jagi la maji, na likiisha alibisha hodi kwa mtu yeyote aliye karibu. Akiulizwa alisema ni joto tu.

Kliniki ya kisukari ilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi wa hospitali, chenye meza, mzani na mabenchi yaliyojaa watu tangu alfajiri. Muuguzi alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyetoboa vidole, aliyepima presha, aliyesafisha vidonda na aliyegawa dawa, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kazi nyingine wakati mikono ikihangaika, aliutumia kusema yale yale. Sukari iko juu. Punguza vitamu. Usiache dawa. Alisema akiwa anatazama kidole, na kabla hajainua macho, kidole cha mtu mwingine kilikuwa kimeshaletwa mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Wakati mwingine alifoka, na jioni, akivua viatu nyumbani kwake, alijuta.

Watu waliondoka na maneno hayo, kila mmoja akayaelewa alivyojaliwa. Kiongozi wa kwaya alimeza vidonge siku zile tu alizojisikia vibaya, ili asivimalize bure. Mke wa seremala aligawana vyake na mumewe, ambaye hakuwa mgonjwa, kwa sababu ndani ya nyumba yao hakuna aliyekula kitu peke yake. Mama Pasi aliacha sukari kwenye chai, tena kwa moyo mgumu, akawa anakunywa jagi zima la juisi ya matunda kila siku. Tunda halitoki kiwandani, alisema.

Siku ya kaa la moto, muuguzi aliunyanyua mguu ule, akauweka kwenye kigoda.

"Mama, unapiga pasi ya makaa miguu mitupu?"

"Joto, Sista."

"Na mguu huusikii?"

"Umelala tu. Umelala tangu mwaka juzi."

"Mbona hujaniambia siku zote hizo?"

"Hukuniuliza."

Muuguzi alibaki ameshika pamba hewani. "Hakuna aliyewahi kukwambia kwamba kisukari kinaua hisia za miguu? Kwamba uikague kila jioni, chini ya nyayo, katikati ya vidole? Kwamba usitembee peku?"

"Mliniambia niache sukari," alisema Mama Pasi. "Niliacha."

Muuguzi aligeuka akatazama mabenchi. Watu wote wale walikuwa wanamwangalia kwa heshima, na chini ya mabenchi miguu yao ilikuwa imepangana, mingine ndani ya kandambili, mingine mitupu, mingine imefungwa vitambaa. Akasafisha kidonda. Alipomaliza kufunga bendeji alisema, si kwa Mama Pasi hasa, "Laiti mngekuwa mnaona ndani."

Mama Pasi alirudi kusafishwa kidonda siku zote alizoambiwa. Daktari alipita, akasema kwa kidonda kama hicho vidonge havitoshi, Mama Pasi naye ataanza insulini kidonda kikishafunga. Mdogo wake aliposikia alikwenda kukaa nje.

Siku ya mwisho bendeji ilipofunguliwa, kidonda kilikuwa kimefunga, na mguu ulikuwa unaonekana ndani. Kuanzia ncha za vidole mpaka karibu na goti, ulikuwa kama maji ya kisima ndani ya glasi. Ngozi ilikuwapo, na muuguzi aliigusa akaikuta ya uvuguvugu. Ila jicho lilipita.

"Kimefunga vizuri," alisema muuguzi. Akasogeza kiti chake karibu.

Mifupa ilikuwa imepangana kwa utulivu, myeupe, midogo midogo kwenye vidole na mirefu kupanda juu. Damu ilipita katika njia zake, nyingine pana kama kamba, nyingine nyembamba kuliko uzi wa buibui, na kila moyo ulipopiga, mguu mzima ulitanuka na kunywea kidogo. Ndani ya damu kulikuwa na punje za nuru. Zilikuwa ndogo kama mchanga wa mtoni unaomeremeta jua linapoupiga, na zilikuwa nyingi mno, zinasukumana, zinarudi nyuma, hazina pa kwenda. Kandokando ya njia hizo nyama ilikuwa imekaa gizani. Ilikuwa na vilango visivyohesabika, vyote vimefungwa, na punje zilikuwa zikivigonga na kupita.

"Hizo zinazong'aa ni nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Sukari."

"Mbona nzuri hivi?"

"Ndiyo," alisema muuguzi. "Ni nzuri."

Wakaendelea kuitazama. Kulikuwa pia na nyuzi nyeupe zilizoteremka kutoka gotini, zinawaka kama waya wa balbu. Zilipofika kwenye kifundo zilianza kufifia, na kwenye vidole zilikuwa nyeusi, zimekatikakatika. Muuguzi alisema hizo ndizo zilizokuwa zinaleta habari za moto, za miiba na za kokoto. Sasa zilikuwa hazileti habari yoyote.

Wa kwanza kwenye benchi aliinuka, akaja akasimama nyuma ya kiti. Akaja wa pili. Hakuna aliyesukumana na mwenzake. Kiongozi wa kwaya alivua kofia. Mke wa seremala alipiga magoti ili aone vizuri, na alipoulizwa na aliye nyuma yake kuna nini, alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni mguu wa yule mama wa pasi, unaonekana ndani, asogee naye aone. Muuguzi aliweka chini kifaa cha kutobolea vidole. Tangu apangiwe chumba kile, hiyo ndiyo mara ya kwanza kufundisha jambo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alimwomba Mama Pasi anywe glasi moja ya ile juisi yake, aliyokuja nayo. Mama Pasi akanywa, wakasubiri wote pamoja, kama watu wanaosubiri mvua iwafikie. Punje zikaongezeka. Zilikuja kutoka juu, msafara baada ya msafara, mpaka njia zile nyembamba zikawa nyeupe na damu ikawa inajikokota.

"Kumbe na tunda?" alisema Mama Pasi.

"Tunda moja halina neno," alisema muuguzi. "Jagi zima, mama, ndiyo hiyo."

Fundi Redio alikuwa amekaa benchi la nyuma kwa sababu magongo yake yalikuwa yanawakwaza watu. Wakampisha. Alikuja akaegemea ukuta, akautazama mguu ule muda mrefu, kama alivyozoea kutazama ndani ya redio kabla ya kugusa chochote. Macho yake yalifuata nyuzi mpaka zilipokatika.

"Mimi sindano ndiyo iliyonikata mguu?" aliuliza.

"Hapana, baba. Mguu ulikuwa umeshakufa ndani. Sindano ilichelewa."

"Nilikaa nayo nyumbani miaka miwili bila kuichoma. Niliogopa."

"Najua."

"Nilipewa hapa hapa. Mliniambia nichome. Hamkuniambia ni ya nini."

Chumba chote kilisikia. Muuguzi angeweza kusema kwamba siku ile watu walikuwa wengi, na ingekuwa kweli.

"Hatukukwambia, baba," alisema.

Fundi Redio alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Alitikisa kama fundi anayeonyeshwa kwamba kilichoharibika kilikuwa kitu kidogo, cha kurekebishwa kwa dakika chache, na mteja alikwisha kuitupa redio nzima. Kisha akaomba kiti, akasema haondoki mpaka aone hiyo sindano inafanya nini.

Mama Pasi alisema basi aanze leo, hapo hapo, watu waone. Muuguzi alimwonyesha jinsi ya kuvuta dawa kutoka kwenye chupa, jinsi ya kutoa hewa, na jinsi ya kukamata nyama ya tumbo kwa vidole viwili. Mkono wa Mama Pasi, uliozoea pasi nzito, ulikishika kile kitu chepesi kama yai. Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wake na jagi lake. Alikuwa amekuja kuzuia.

"Dada, usifanye hivyo."

"Njoo uone," alisema Mama Pasi, akachoma.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Damu iliendelea kujikokota na watu wakaendelea kutazama. Mtu mmoja alikohoa, akaomba radhi. Halafu karibu na goti mlango mmoja ulifunguka. Punje moja iliingia, na pale ilipoingia nyama ikawaka rangi ya mkaa unaopulizwa, ikatulia. Ukafunguka mlango wa pili, ikafunguka ya jirani, ikafunguka safu nzima, na nuru ikaanza kuingia ndani ya nyama kutoka juu kuteremka chini, kama kijiji kinachowasha taa nyumba baada ya nyumba. Njia za damu zilipata nafasi. Damu ikakimbia, nyekundu safi. Nyama yote iliyokuwa gizani ilikuwa sasa inakula, na mguu ulitoa joto ambalo waliokaa mbele walilisikia usoni.

Mke wa seremala alikuwa anatokwa na machozi na hakujifuta. Nyuzi zilizokatika kwenye vidole zilibaki nyeusi, na muuguzi alisema wazi kwamba hizo hazitarudi, na kwamba ndiyo maana hutakiwi kungoja.

Mdogo mtu alikuwa ameshafika mbele bila mtu kumwona akipita. Aliweka jagi sakafuni. Alinyoosha kidole akaligusa lile joto.

"Mimi ndani yangu iko hivi?" aliuliza. "Kama ilivyokuwa kabla?"

"Yako imeziba zaidi," alisema muuguzi. "Dawa hii ndiyo ufunguo, na wewe vilango vyako havina ufunguo kabisa. Unakula lakini mwili haupati. Ndiyo maana unaisha."

"Mimi nilidhani ndiyo mwisho. Kwamba ukipewa sindano ndiyo basi tena."

"Nani alikwambia?"

Mdogo mtu alifikiri. "Hakuna aliyeniambia kitu," alisema. "Nilimwangalia Fundi Redio."

Fundi Redio aliangalia magongo yake.

Siku iliyofuata mdogo mtu alileta zile chupa za nyuma ya sabuni. Muuguzi alizitazama kwenye mwanga, akasema zimekufa kwa joto la jikoni, akampa nyingine na kumwelekeza kuziweka kwenye mtungi wa maji baridi, ndani ya mfuko. Kisha alishika mkono wake mpaka sindano ikaingia. Haukupita muda mrefu akaanza kutoa pini kwenye sketi, moja baada ya moja, na jagi likarudi kabatini.

Watu walianza kuja kutoka mitaa ya mbali. Siku za kliniki, kabla ya kutoboa kidole cha kwanza, muuguzi aliweka mguu wa Mama Pasi kwenye kigoda na kuwafundisha. Walijifunza kukata kucha, kukagua nyayo kwa kioo cha mkononi, kula wali kidogo na mboga nyingi, kutambua jasho na tetemeko la sukari iliyoshuka na kulamba asali kidogo ikitokea. Maswali yalikuwa mengi. Walikuwa wamekaa nayo miaka. Vidonda vilipungua, na wodini vitanda viwili vya waliokatwa miguu vilibaki vitupu, vikatandikwa.

Mganga Mkuu wa hospitali alikuja kujionea. Alikuwa mtu mpole, anayewasalimia wafagiaji kwa kushikana nao mikono. Alivaa miwani, akainama, akautazama mguu kutoka kila upande.

"Safi sana," alisema kwa sauti ya chini. "Huo ni mshipa wa nyuma. Sijawahi kuuona ukiwa hai." Alibaki ameinama hata baada ya kumaliza kutazama. Kisha aliinuka, akamwomba muuguzi watoke nje kidogo.

Alimwambia kwamba anafanya kazi nzuri. Alimwambia pia kwamba foleni sasa inaishia mchana badala ya asubuhi, na kwamba taarifa anazotuma kila mwezi huko juu zina mahali pa kuandika waliopimwa, waliodungwa na waliofungwa vidonda, lakini waliofundishwa hakuna pa kuwaandika. Huko juu chumba hiki kinaonekana kama kina muuguzi asiye na kazi. Wakati huo huo wodi ya wazazi ina upungufu mkubwa.

"Na wagonjwa hawa?" aliuliza muuguzi.

"Wataendelea kupata dawa zao," alisema Mganga Mkuu, na alisema hivyo kwa nia njema.

Wiki iliyofuata muuguzi alikuwa wodi ya wazazi anapokea watoto. Chumba cha mwisho wa ukumbi kilipewa mtu wa kuazima kutoka chumba cha vidonda, ambaye alikuja akiwa na haraka na kuondoka akiwa na haraka zaidi. Zamu ya Mama Pasi ilipofika, yule mtu alimtoboa kidole, akaona mguu, akasema una mguu unaoonekana ndani, mama, sukari iko sawa, chukua dawa dirishani.

Watu walihamia kwa Mama Pasi. Seremala, aliyekuwa ameacha kumeza vidonge visivyo vyake, alichonga benchi la kuweka barazani. Mama Pasi alipiga pasi akiwa amevaa viatu vya kufunika vidole, na Jumapili mchana alivua cha kushoto, akaweka mguu kwenye kigoda palipo na mwanga. Mdogo wake alieleza yale aliyoyakumbuka. Yale asiyoyajua alisema hayajui, na mtu alirudi nayo nyumbani. Muuguzi alikuja alipoweza, moja kwa moja kutoka zamu, akiwa bado na sare. Siku hizo watu walipata majibu, mpaka usingizi ulipomchukua katikati ya sentensi, nao wakamwacha alale, wakimalizia sentensi hiyo kila mtu kwa namna yake.

Jumapili moja gari la hospitali lilisimama nje. Mganga Mkuu aliteremka, akazunguka upande wa pili, akamshika mkono mama yake mzazi na kumleta taratibu mpaka barazani. Wakasalimia. Watu walisogea wakampisha bibi mahali pa mbele, naye Mganga Mkuu akakaa pembeni yake, magoti yamekutana na kifua kwa jinsi benchi lilivyokuwa chini.

Mama Pasi alikuwa ndiyo kwanza amejichoma. Vilango vilianza kufunguka. Bibi aliegemeza kidevu kwenye mkongojo wake, akaifuata nuru ilivyoteremka kutoka gotini, nyumba baada ya nyumba, mpaka ilipofika kwenye kisigino. Hakupepesa.

"Hivi ndivyo nilivyo?" aliuliza.

"Ndivyo, bibi," alisema mdogo mtu.

"Mungu ameweka vitu hivi vyote ndani yangu, nami natembea navyo sokoni." Akamgeukia mwanawe. "Kila siku nakwambia nyayo zinawaka moto, unaniambia mama kunywa dawa."

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Na kule kwako hospitali, watu wanaonyeshwa haya?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Hatuna muuguzi wa kufundisha."

"Hamkuwa naye?"

"Tulikuwa naye. Nilimpeleka wodi ya wazazi."

Alijibu kwa sauti ya chini, asimwamshe muuguzi, aliyekuwa amelala mwisho wa benchi lile lile, kichwa kimeegemea ukuta na viatu vya kazi bado miguuni. Bibi alimtazama yule muuguzi, akamtazama mwanawe, kisha akarudisha macho kwenye mguu, kwa sababu nuru ilikuwa imeanza kuzunguka kifundo na hakutaka impite.

Walikaa mpaka mwisho. Mganga Mkuu alimshukuru Mama Pasi kwa mikono miwili, na machoni mwake kulikuwa na maji. Jumatatu alikaa ofisini akapanga zamu za mwezi mpya. Wodi ya wazazi bado ilikuwa na upungufu, kwa hiyo aliziacha zilivyokuwa, akatia sahihi. Tena akaagiza kwamba kila Jumapili mchana gari la hospitali limpeleke mama yake kwa Mama Pasi, limsubiri, na kumrudisha.